Nafasi Tuliyomwekea Desideri

Ticha Neema amenisumbua wiki nzima: "Mzee, andika kabla hujasahau." Nimemwambia mimi sisahau kitu, na hiyo ndiyo shida yangu. Lakini nanyi vijana wa bendi mmemuunga mkono, na mke wangu naye kasema afadhali nikae mezani na kalamu kuliko kuzunguka uani kukagua kama mbuzi wamefungwa vizuri. Haya, naandika.

Mimi ni Nashoni, mpiga dramu wa bendi ya Migombani ya Kasulu, tangu ilipoanza mpaka juzi nilipoinuka kwenye kile kiti. Mnanijua zaidi kwa jina la Presha. Jina hilo nilipewa nikiwa kijana, miaka mingi kabla daktari hajanifunga kile kitambaa chake mkononi. Yeye alikuja kuthibitisha tu. Watu husema wasiwasi ndiyo akili. Ingekuwa kweli, mimi ningekuwa profesa.

Sitawaambia nani alikuwa kiongozi mwaka gani wala nani alimnunia nani. Nataka kuandika habari ya mahali pamoja ndani ya wimbo mmoja, "Kenta Imekwama", pale ambapo bendi nzima ilikuwa inanyamaza, likabaki gitaa la rithimu na sahani moja ya shaba ya dramu zangu, watu wakadhani spika zimekufa. Ninyi mlipaita "shimo la mzee". Mlijua kuna mtu tunamsubiri, lakini habari zake mimi sikuwapa, maana kila nilipotaja jina lake niliona kama namtabiria mabaya.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa napiga ngoma kwenye kwaya ya kanisani, ngoma ya heshima, isiyomshtua mchungaji. Zakaria, huyu mnayemwita Baba Mkubwa, wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye gitaa lenye nyuzi nne, zilizobaki akizisubiri kutoka Kigoma mjini. Akaja kwetu na kaseti aliyopewa na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi. "Sikiliza hii," akasema, "halafu uniambie kama hawa watu ni wazima." Kwenye kaseti tarumbeta zilikuwa zinafoka, gitaa linakata cha! cha! pale ambapo wenzake wote wamenyamaza, na dramu zinakimbia kama zimeiba kuku. Mzungu alikuwa amemweleza kwamba muziki huo ni ska, na ukipigwa kwa hasira huitwa ska-panki. Nikasikiliza mpaka betri zikalegea. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia muziki unaokwenda kasi sawa na moyo wangu.

Watu wa Kasulu walikuwa wamezoea rumba ya Kongo, muziki ambao mtu anaucheza huku anapanga mambo yake. Wetu haukuwapa nafasi ya kupanga kitu. Waliotuelewa mapema ni akina mama wazee. Si mnajua sisi Waha tunavyosalimiana, mmoja anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na mwenzake anamjibu kwa makofi katikati ya maneno? Bibi mmoja wa Gwarama alisimama mbele ya Zakaria, akasikiliza lile gitaa, akasema, "Kumbe mnasalimiana!" Tangu siku hiyo sikuwahi kuona aibu kueleza muziki wetu kwa mtu yeyote.

Bendi nyingi zina mwenye vyombo. Yeye ndiye mwenye gitaa, mwenye spika, mwenye gari, na siku akikasirika mwanamuziki anabaki na sauti yake tu. Sisi tuliapa hatutakuwa na bosi. Kila mtu alikuja na chake. Mimi nilikuja na dramu zilizookotwa stoo ya shule, ngozi ya besi dramu ikiwa na kiraka, na kanyagio ambalo springi yake ilikatika nikaweka ya karia ya baiskeli. Hiyo springi ilidumu kuliko vitu vingi nilivyonunua dukani. Vijana, kabla hamjaagiza kitu Dar es Salaam, piteni kwanza kwa fundi baiskeli.

Aliyenifundisha kukaa kwenye kiti ni marehemu Mzee Saidi, mstaafu wa bendi ya polisi, mtu wa Tabora aliyeoa Kasulu asirudi tena kwao. Alikuwa ananipigisha dramu uani kwake mchana wa jua kali, yeye mwenyewe kajilaza kwenye mkeka, kofia usoni. Nikidhani kalala nikaongeza mwendo kidogo, sauti inatoka chini ya kofia: "Kaa!" Naanza upya. "Kaa, we mtoto! Mpiga dramu mwenye hofu hukimbia. Unakimbilia wapi, na kiti ni hicho hicho?" Nilidhani ananionea. Mimi sikuwa nasikia kwamba nakimbia. Mtu mwenye hofu hasikii hofu yake, anasikia tu kwamba wengine wamechelewa.

Sasa Desideri. Alikuja kwenye mazoezi yetu akitokea kambi ya Mtabila, kwa baiskeli, tarumbeta kaifunga kwenye kitenge cha mkewe kama mtoto mgongoni. Alikuwa Mrundi, kajifunza kupuliza kwenye shule ya misheni kwao kabla vita havijawakimbiza. Mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kuchelewa. Ukimwambia mzaha sasa hivi, atacheka mmeshahamia habari nyingine. Siku hiyo alisikiliza wimbo mzima bila kupuliza hata mara moja. Zakaria akamuuliza, "Vipi, huupendi?"

"Ninaupenda," akasema. "Niko natafuta mahali pa kuingilia. Hamkuacha mlango."

Huyo ndiye aliyetufundisha kwamba wimbo unahitaji kupumua. Wengine wote tulikuwa tunapiga kama watu wanaofukuzwa.

Tulianza kusafiri: Kasulu, Kibondo, Kakonko, harusi, minada, sikukuu za mavuno, viwanja vya mpira. Barabara ya Kibondo wakati ule haikuwa hii lami mnayolala juu yake na simu zenu. Ilikuwa vumbi jekundu na majambazi. Magari yalisubiriana yakaenda kwa msafara, askari wenye bunduki juu. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya kenta, lori letu dogo, nimekumbatia besi dramu, macho porini. Zakaria alikuwa akinicheka: "Presha, jambazi atafanya nini na dramu?" Nikamwambia dramu hatafanya nayo kitu, ndiyo maana atanigeukia mimi. Desideri alilala safari nzima, mdomo wazi. Nilimwonea wivu, na nilimwogopea pia, maana kwenye vizuizi yeye, mkimbizi, ndiye aliyekuwa anashushwa na kuulizwa maswali, na mimi ndiye niliyekuwa natokwa jasho.

Siku moja ya masika tulikwama Busunzu. Kenta ilizama kwenye tope mpaka kwenye ekseli, msafara ukatuacha, mvua nayo inarudi. Tulikuwa na harusi Kibondo mchana huo huo. Tulisukuma mpaka viatu vikabaki chini. Mimi nilishaanza kuwaaga watoto wangu moyoni. Desideri akapanda juu ya spika, akafungua kitenge, akapuliza.

Hakupuliza kwa fujo. Alipuliza mwito mrefu, unaopanda polepole, unakaa juu, unashuka, unapumzika, kisha unapanda tena kama mtu anayewaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Kidogo tukawaona watu wanatoka migombani pande zote. Wana mapanga. Wana mikuki. Mmoja ana mchi.

"Wako wapi?" akauliza wa mbele, anahema.

"Kina nani?" Zakaria akauliza.

"Majambazi! Si mmepiga yowe?"

"Hapana, mzee. Gari imekwama tu."

Walitutazama. Walimtazama Desideri juu ya spika, tarumbeta mkononi, maji yanamtiririka. Yule mwenye mchi akaanza kucheka, wakacheka wote, wakaweka mapanga chini wakasukuma. Kenta ikatoka. Tulifika harusini tumepakwa tope mpaka kope, bibi harusi akadhani ndiyo sare yetu.

Ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa "Kenta Imekwama". Mwito wa Desideri tuliuweka katikati: mizunguko minane, sote tunanyamaza ila gitaa na sahani yangu, yeye anaita, halafu tromboni inaingia kama kenta inavyong'oka. Nimeupiga Kakonko, nimeupiga Uvinza, na sijawahi kuona watu wasiinuke.

Kulikuwa na desturi moja ya Migombani ambayo ninyi mmeirithi bila kuulizia chimbuko lake. Mpiga tromboni wetu aliugua malaria tukiwa safarini, na kijana wa saksafoni akasema atapiga sehemu zake. Zakaria akakataa. Akasema, kwetu mtu akisafiri mama anambakizia chakula kwenye sufuria, hata kama hajui atarudi lini; hakuna anayekigusa, hata mwenye njaa. Kwa hiyo mwenzetu asipokuwepo, sehemu yake inabaki wazi, na sisi tunamshikia mwendo. Tulifanya hivyo. Yule wa tromboni aliporudi alikuta mahali pake pako vile vile. Ikawa sheria.

Kisha serikali ikatangaza kwamba Mtabila inafungwa. Baadhi ya Warundi waliokuja miaka ya nyuma zaidi walishapata uraia, wanalima na kufanya biashara mpaka leo, majirani zetu. Desideri hakuwa miongoni mwao. Nilimsindikiza mpaka walipokuwa wanapandia magari. Mkewe alikuwa ameshika sufuria na kuku mmoja. Yeye alikuwa na tarumbeta kwenye kile kitenge. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikaishia kukagua fundo la kitenge. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa lugha yake, ambayo sisi Waha hatuhitaji mkalimani kuielewa: "Muzombikira ikibanza." Mtaniwekea nafasi.

Nikamwambia tutaiweka. Gari likaondoka.

Basi tukaiweka. Kila onyesho, tukifika katikati ya "Kenta Imekwama", sote kimya, gitaa cha, cha, sahani yangu, mizunguko minane. Mwanzoni watu wa Kasulu walielewa, walikuwa wakimwitia wenyewe kwa miluzi. Miaka ikapita, wakaja wasiomjua. Kibondo mtu mmoja alipiga kelele, "Fundi, waya umechomoka!" Harusini Kakonko mshereheshaji alinyakua kipaza sauti akaanza kutangaza keki. Mimi pale kwenye kiti nilikuwa nakufa. Hamjui ilivyo kushika mwendo wa mtu asiyekuwepo, macho ya watu wote usoni mwako, na wewe unajua kitu kimoja tu, kwamba hujui kama yuko hai.

Maana kule kwao mambo yaliharibika tena, watu wakaanza kumiminika upya, kambi zikajaa upande wa Kibondo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi watu wanakimbia, kwa sababu nilidhani atakuwa miongoni mwao. Kila tulipopiga karibu na kambi nilitafuta uso wake. Mwanamke mmoja muuza dagaa akaniambia amesikia kulikuwa na mpuliza tarumbeta aliyeuawa kule. Jina? Hajui. Mrefu? Hajui. Nikarudi nyumbani sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilikuwa nasikiliza redio na kuizima, kuiwasha na kuizima. Mwishowe mke wangu akaificha.

Ndipo akaja Ticha Neema. Mtoto wa Tanga, kapangiwa shule ya msingi Kasulu, kaja akilalamikia baridi, na tarumbeta aliyoipiga kwenye brasi bendi ya kanisa lao. Siku ya kwanza aliwaamkia wapulizaji wote "shikamoo", halafu akawapulizia wakakaa kimya. Nilimpenda palepale. Lakini tulipofika mizunguko ile minane akainua tarumbeta, mimi nikasimamisha dramu.

"Hapo hapapulizwi," nikasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Pana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Zakaria akamweleza kwa kifupi. Neema akasikiliza kwa adabu, ila watu wa pwani adabu yao ina makali. "Mzee wangu, samahani, mimi sitaki kumdharau mtu. Lakini chakula cha kubakiza kikikaa sana kinachacha."

Nilikasirika sikulala vizuri siku mbili.

Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka, na daktari akanikataza dramu kwa maneno ambayo hayakuwa na mlango wa kutokea. Nikaomba onyesho moja la kuaga. Zakaria akaja nyumbani, akakaa, akazungusha kikombe cha chai bila kunywa. "Ndugu yangu," akasema, "wewe ukitoka, ile nafasi tuifunge. Vijana hawamjui. Neema ataipuliza kwa njia yake. Nimeshindwa kuwaambia watu waendelee kusubiri." Akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Nikakubali. Nilisikia kama nimesaini kitu ambacho si changu.

Onyesho lenyewe likaangukia kambini, upande wa Kibondo. Shirika moja lilikuwa na siku ya vijana uwanjani, tukaalikwa tupige alasiri, kwa kibali, tuwe tumetoka jua likiwa bado juu. Ndani ya kambi ile tulikuwa hatujawahi kuingia. Nilifunga dramu garini kwa mipira yangu mwenyewe, nikazifungua, nikazifunga tena. Dereva akaniuliza kama nahama.

Tulianza na kupima sauti, watoto wamejaa mpaka juu ya miti. Zakaria akachagua "Kenta Imekwama", kwa sababu ina vyombo vyote. Tukaingia. Tukafika pale. Kimya, gitaa, sahani yangu. Na katikati ya ule umati, mbali, sauti ya mtu ikaanza kuimba kwa mdomo, bila maneno: ikapanda polepole, ikakaa juu, ikashuka.

Ni ule mwito. Hakuna kaseti yake, hakuna aliyewahi kuurekodi. Nilitaka kusimama nitazame, lakini mwenye dramu akisimama nafasi inakufa, kwa hiyo nilibaki napiga sahani kama mjinga, shingo imeninyooka kama ya bata. Sauti ikapumzika, ikaanza kupanda tena, na kabla haijafika juu mizunguko ikaisha, tromboni ikaingia ikaikata. Tukasimamisha. Na kutoka kule nyuma mtu akapiga kelele:

"Presha! Emwe, Presha! Unakimbilia wapi?"

Watoto wakapisha. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwacha, kichwa chote cheupe, koti la msaada limempwaya. Alipocheka niliona meno ya mbele hayapo. Niliruka dramu, nikaangusha sahani, nikamshika kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Niliambiwa umekufa!"

"Na mimi niliambiwa Migombani imekufa," akasema. "Tulikimbia tena, kambi ya kwanza tuliyowekwa ikafungwa, wakatuleta hapa. Nilituma salamu na watu. Hazikufika?"

"Hazikufika."

"Bon. Sasa zimefika."

Zakaria alikuwa analia bila kujificha. Nikamuuliza Desideri tarumbeta iko wapi. Akasema ilibaki ukutani siku waliyokimbia, na hata ingekuwepo, bila meno mdomo haushiki. Alilisema kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. Kisha akanigeukia, uso wake mpole ule ule.

"Nafasi mmeiweka. Nimesikia, nashukuru sana. Lakini weye umeipunguza."

"Nimeipunguza vipi? Ni mizunguko minane, ile ile!"

"Minane, ndiyo. Lakini weye uko unakimbia. Siku zile ungekimbia, mimi ningekushika kwa tarumbeta, nakuvuta nyuma. Sikuwepo wa kukuvuta. Sasa humo ndani mtu hawezi kupumua."

Nikamtazama Zakaria. Zakaria akatazama viatu vyake. "Nilidhani ndivyo unavyotaka," akasema. Nikasikia sauti ya Mzee Saidi chini ya kofia, uani, jua kali: unakimbilia wapi, na kiti ni hicho hicho? Miaka yote ile nilijisifu moyoni kwamba namlindia mwenzangu mahali pake, na kila mara nilipoogopa nilikuwa napapunguza kidogo, kwa hofu yangu ya kutaka paishe upesi. Nilisikia aibu na nilisikia kucheka, vyote pamoja.

Desideri akamwona Neema, amesimama pembeni, tarumbeta kifuani. "Huyu ni nani?"

"Shikamoo, baba," Neema akasema. "Mimi nilitaka kuchukua nafasi yako, wakanikatalia."

"Walifanya vizuri," akasema. "Sasa njoo." Akamwimbia ule mwito sikioni, mara kadhaa, akimwonyesha kwa mkono mahali pa kuvuta pumzi. Neema akaushika upesi. Ana sikio yule mtoto. Kisha Desideri akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuniambia "kaa". Aliweka tu kiganja mgongoni mwangu.

Onyesho likaanza. "Kenta Imekwama" tuliipiga ya mwisho. Tulipofika pale, kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukimbia: watu wote wale, jua linateremka, askari anatazama saa, vijiti vinatetemeka vidoleni, na muda wangu wa dramu ndiyo unakwisha hapo. Nikakaa. Nilivuta mwendo nyuma mpaka nikahisi nimeuvunja. Zakaria aligeuka akanitazama, gitaa lake likanifuata. Na Neema akainua tarumbeta, ule mwito ukapanda, ukakaa juu, ukashuka, ukapumzika, ukapanda tena, na ukaisha wenyewe, wote, kabla tromboni haijafungua mdomo. Watu wazima wa Kirundi pale uwanjani waliacha kucheza wakasimama. Nyuma yangu nilisikia kicheko, kimechelewa kama kawaida yake.

Tulipakia haraka, kibali chetu kilikuwa kinaisha. Desideri alitusindikiza mpaka getini, hapo ndipo mwisho wake, hawezi kutoka. Siku hizi kila mtu kambini anazungumza habari za kurudishwa: nani keshajiandikisha, nani anajificha, kambi itafungwa lini. Nilimuuliza yeye atafanya nini. Akainua mabega. Akampa mkono Neema, akamwambia, "Pale sasa ni pako, mwanangu, usimwachie mtu." Akamkumbatia Zakaria. Mimi aliniaga mwisho, kwa mikono miwili kama siku ile ya Mtabila, na nilisubiri aseme yale maneno yake. Hakuyasema.

Vijana, hilo ndilo linalonifanya nizunguke uani kukagua mbuzi. Kenta ilishawashwa, ilishaanza kusogea, nikachungulia juu ya ubao wa nyuma nikampigia kelele kwa lugha yake, mbele ya askari na watoto wote: "Desideri! Tuzokubikira ikibanza!" Tutakuwekea nafasi, nyingine, maana ile ni ya Neema sasa.

Akasimama. Kikapita kitambo, kama kawaida, ndipo kicheko kikaja.

"Haya," akajibu. "Lakini safari hii muiache pana, Presha. Mtu apumue."